Shamba la Mizabibu Nisilowahi Kulikanyaga

Ipo familia moja ya Kifaransa ambayo historia ya shamba lake la mizabibu naijua kuliko ninavyoujua ukoo wa baba yangu mzazi. Naweza kukutajia aliyepanda mche wa kwanza, mjane aliyevuta plau badala ya farasi, na ndugu wawili walionuniana hadi wakajenga ukuta katikati ya ghala. Shamba lenyewe sijawahi kulikanyaga, wala mvinyo wake sijawahi kuuonja. Yote niliyasikia Doha, jikoni, nikimenya viazi.

Nilifika Doha mwaka uliofuata ile Michezo ya Asia iliyochezwa huko, nikitokea Dodoma. Nilikuwa mwanamke aliyeachika, sina mtoto, sina mtaji, nina mikono miwili na mdomo usio na breki. Nyumba ya kwanza haikudumu nami. Mwenye nyumba alinifokea mbele ya wageni kwa sababu ya chumvi, nikamjibu kwamba chumvi si kosa la jinai, na wakala akaja kunichukua kabla wiki haijaisha. Wenzangu waliniambia nitarudishwa kwetu na begi langu kichwani. Badala yake nikapelekwa kwenye nyumba ya Wafaransa kule Al Rayyan, na mpaka leo nikisali sala ya shukrani naitaja nyumba ile.

Mwenye nyumba alikuwa mhandisi, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye watoto wawili wa shule na mume ambaye maisha yake yalikuwa ndege na mabegi. Sisi wa kazi za ndani kule Ghuba huwaita waajiri wetu wa kike Madamu, nami nilimwita hivyo. Hakuwa mtu wa maneno. Lakini siku ya kwanza alinipa ufunguo wa chumba changu, wa kujifungia kwa ndani, akaniambia kwamba Ijumaa ni siku yangu. Aliyewahi kulala kwenye nyumba ya watu anajua uzito wa mambo hayo mawili.

Mama yake alikuja Desemba. Nilimwita Bibi tangu mwanzo, naye alipoelezwa maana yake akasema analipenda jina hilo. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye viganja vigumu kama vya mama yangu. Kila mwaka alikuja msimu huo, mavuno ya kwao yakiwa yamekwisha na mvinyo umetulia kwenye mapipa, akakaa mpaka katikati ya Januari. Begi lake lilijaa jamu, asali, na jibini iliyonuka hadi barazani. Mvinyo hakuleta hata tone, maana forodha ya kule haina mzaha na chupa. Alikuwa mkulima anayekwenda kumwona mwanawe bila kubeba alicholima, na jambo hilo lilimuuma, alisema wazi.

Siku ya pili aliniuliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania. Akaanza ule wimbo ninaoujua: simba, twiga, mlima wenye theluji. Mimi nina hasira za karibu, na siku hiyo miguu ilikuwa inaniuma. Nikamwambia kwetu Dodoma kijijini hatufugi simba, tunalima zabibu.

"Zabibu za kula?"

"Za kula na za mvinyo. Mama yangu ana shamba."

"Afrika?"

"Afrika. Na tunavuna mara mbili kwa mwaka."

Bibi aliweka kikombe chini. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kwao mzabibu huzaa mara moja tu, halafu hulala msimu wote wa baridi kama uliokufa. Alimwita binti yake kutoka chumbani, wakasemezana Kifaransa, Bibi akiwa ameinua vidole viwili kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Tangu hapo sikuwa tena msichana wa kazi machoni pake. Nilikuwa mkulima mwenzake aliyepotelea kwenye vyombo.

Tuliongea kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Pengine ndiyo sababu tulielewana. Hatukuwa na maneno ya kuremba. Yeye alikaa kwenye kiti cha jikoni, akachukua kisu bila kuombwa, akaanza kumenya nami huku akisimulia. Nilimwambia aache, Madamu atadhani namtumikisha mama yake. Akanijibu kwamba hajawahi kusimulia jambo la maana mikono yake ikiwa imelala.

Mwanzilishi wa shamba lao hakuwa tajiri wa ngome, kama watu wanavyodhani wakisikia habari za mvinyo wa Kifaransa. Alikuwa fundi wa mapipa. Aliwatengenezea wenye mashamba mapipa ya kuhifadhia mvinyo, na kila mwaka aliwasikia wakiusifu mvinyo bila kuyataja mapipa. Akachukia. Akanunua kilima cha mawe ambacho hata mbuzi walikuwa wamekikataa, kwa kuwa ndicho pekee alichokiweza, akapanda mizabibu yake mwenyewe. Bibi alisema shamba lao lilianzishwa na hasira. Nilimpenda mzee huyo papo hapo.

Mwanawe akalikuza. Kisha akaja mdudu, mdogo kuliko chawa, anayenyonya mizizi chini ya udongo, na mizabibu ya Ufaransa ikaanza kukauka bila watu kumwona adui. Majirani waling'oa wakapanda ngano, wengine wakahamia mjini. Dawa iliyokuja kupatikana ilikuwa kuibebesha mizabibu yao juu ya mashina yaliyotoka Marekani, ambayo mdudu yule hakuyaweza. Mwenye shamba akaona aibu. Akasema hawezi kuisimamisha mizabibu ya baba yake juu ya mizizi ya watu. Mkewe ndiye aliyeibebesha, mstari baada ya mstari, mumewe akiwa amenuna ndani.

"Kwa hiyo kila mzabibu tulionao una kichwa cha kwetu na miguu ya ugenini," Bibi akasema. Akaitazama miguu yangu ndani ya kandambili, tukacheka mpaka Madamu akaja kuangalia kuna nini.

Vikaja vita. Jeshi likachukua wanaume, halafu likarudi kuchukua farasi. Nyanya yake Bibi aliachwa na watoto wawili wa kiume, mama mkwe mzee na kilima. Mumewe hakurudi. Msimu ulipofika alijifunga kamba za plau kifuani, mama mkwe akashika mpini, wakalima. Mvinyo wa mwaka ule, Bibi alisema, ulikuwa mkali kama siki, lakini ulikuwepo. Nilimsimulia nami kwamba mama yangu, baba alipofariki, alichimba mashimo ya nguzo peke yake kwenye ardhi kavu ya Dodoma, akamwagia maji shimo moja jioni ili lichimbike asubuhi. Bibi aliacha kumenya akanishika mkono. Hakusema pole. Alisema, "Vizuri sana."

Mjane huyo wa plau aliwalea wanawe kwa jasho, nao walipokua wakaondoka. Mkubwa, ambaye ndiye baba yake Bibi, alikuwa anajifunza kuendesha treni. Mdogo alikuwa mwalimu wa shule mjini. Mama yao akawaita. Aliwaambia kwamba amevuta plau kama farasi kwa ajili yao, na sasa warudi. Mwanamke aliyevuta plau hakuona sababu ya mtu mwingine kukataa. Wakarudi wote wawili, mmoja ameacha treni yake, mwingine ameacha watoto wake wa darasani, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake angetosha. Mama alipokufa waligawana kilima nusu kwa nusu, wakajenga ukuta katikati ya ghala la mvinyo.

Mashine ya kukamulia zabibu ilikuwa moja, nzito, haihamishiki, nayo ikaangukia upande wa mdogo. Basi wakatoboa tundu ukutani, wakapitisha mpira. Mkubwa alipeleka zabibu zake kwa kupitia mlango wa nje, akarudi upande wake kusubiri maji yake yatoke kwenye mpira. Akitaka mdogo afungulie, aligonga ukuta mara moja. Akitaka afunge, mara mbili. Walikamua zabibu hivyo miaka na miaka bila kusalimiana. Bibi alipokuwa mtoto alidhani kila ghala la mvinyo duniani lina ukuta na tundu.

Yeye mwenyewe alikwenda mjini, akafanya kazi duka la dawa, na hakuna aliyemwomba abaki. Baba yake akafariki zabibu zikiwa mtini. Bibi akaja kuzika, akatazama mizabibu imeinama kwa uzito, akavua viatu vya mjini. Alivuna na vibarua, akapeleka mzigo kwa baba mdogo, akarudi upande wa pili wa ukuta akagonga mara moja. Hakikutoka kitu. Akagonga tena. Badala ya maji ya zabibu, akaja baba mdogo mwenyewe mlangoni, mara yake ya kwanza kuingia upande ule tangu ukuta ujengwe. Hakuwa na mtoto. Alimfundisha Bibi kila alichokijua, na alipokufa akamwachia nusu yake. Ukuta Bibi aliubomoa kwa nyundo, na kijiji kizima kikaja kutazama. Alisema waliokuja kutazama walikuwa wengi kuliko waliokuja mazishini.

Hiyo ndiyo historia, na sikuipata kwa siku moja. Niliipata kipande kwa kipande, Desemba kwa Desemba. Mwaka mmoja Bibi alifika siku chache baada ya nchi ile kutangazwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, magari bado yanapiga honi barabarani bendera zikipepea madirishani, akauliza ni harusi ya nani. Mwaka huo ndio ulipotokea ubishi wa mzabibu wa uani.

Nyuma ya jikoni palikuwa na mzabibu uliopandwa na wapangaji waliotutangulia. Ulitambaa juu ya kichanja cha mbao, majani tele, matunda kidogo na makali, na hayo machache ndege waliyamaliza. Bibi alitaka tuupogoe. Kwao Januari ndiyo kazi yenyewe. Nikamwambia ukiukata sasa unaukata ukiwa macho, maana mtunza bustani anaumwagilia kila siku.

"Kwetu mzabibu hulazwa na baridi," akasema.

"Kwetu hulazwa na kiu," nikasema. "Unaunyima maji mpaka uchoke, ndipo unakata, ndipo unaurudishia maji. Ukiamka unaamka na njaa ya kuzaa."

Alipenda sana maneno hayo, lakini kupenda si kukubali. Tulifunga mpira wa maji tukangoja. Siku ya kukata tukagombana kabisa. Yeye alitaka kuacha tawi refu lenye macho mengi ya kuchipulia, walivyozoea kwao. Mimi nilitaka kukata fupi, macho mawili tu, nilivyofundishwa na mama. Kila mmoja alimvuta mwenzake mkono. Wapita njia wangedhani tunanyang'anyana kuku.

Madamu akarudi kutoka kazini, mkoba begani, funguo za gari mkononi. Alisimama akatusikiliza kidogo. Kisha akauchukua mkasi mikononi mwa mama yake, akashika tawi, akakata. Alikata mshazari, mteremko wa kidonda ukielekea nyuma ya jicho, ili machozi ya mti yasilidondokee. Akakata la pili, la tatu, bila kutazama mikono yake, kama mtu anayesuka nywele huku anaongea. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona akigusa mmea. Alipogundua kwamba sisi wawili tunamtazama, alirudisha mkasi, akasema ana simu ya kupiga, akaingia ndani.

Bibi aliutazama mlango uliofungwa.

"Mwambie," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unamtaka shambani. Magoti yako hayapandi tena kile kilima, umeniambia mwenyewe. Huna mtoto mwingine. Mwambie."

Akatikisa kichwa. Akanieleza polepole, akitafuta maneno. Baba yake na baba yake mdogo waliitwa, akasema, na walichovuna ni ukuta. Yeye hakuitwa, akaja, na ukuta ukaanguka. Siku aliyoubomoa aliapa kwamba hatamwita mtoto wake hata kama shamba litakufa. Mtoto akirudi kwa kuitwa, anarudi na kinyongo. Akirudi mwenyewe, amerudi. "Asiporudi?" nikauliza. Akasema kuna jirani mwenye mashamba makubwa anayengojea kwa hamu, atanunua kilima, atang'oa mizabibu ya zamani na kufuta jina. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, akikusanya vijiti vilivyoanguka. Nilimkasirikia, na nilimhurumia zaidi ya nilivyomkasirikia.

Nilikuja kuujua upande wa pili bila kuutafuta. Siku moja napiga pasi, Madamu akaniuliza mama yake huwa anazungumza nini nami jikoni. Nikasema zabibu. Akatabasamu kidogo. Akasema kwamba yeye mama yake hakuwahi kumwambia chochote kuhusu shamba tangu alipokwenda chuo, hata mara moja hakumwuliza kama analitaka. "Nadhani ananiona mtu wa ofisini," akasema. "Labda ni kweli." Alichukua shati lake akaondoka, nikabaki na pasi inafuka moshi.

Ijumaa nilikwenda kanisani asubuhi, kama Wakristo wengi wa kule, kisha nikaenda Fereej Bin Mahmoud kwa rafiki yangu wa Unguja, aliyefanya usafi hotelini na kuishi na wenzake watano kwenye chumba kimoja. Tulinunua chai ya karak kwenye duka la chini, tukakaa ngazini. Nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hebu weye nambie," akasema. "Huyo Madamu akenda kwao, weye unakwenda wapi?"

Nikapuliza chai yangu.

"Kafili wako ndo huyo huyo. Akiondoka, kibali chako kimeondoka. Utapata nyengine nyumba ya kupewa ufunguo? Mwenzangu, ulimi ulimponza kichwa. Ya Wafaransa waachie wenyewe Wafaransa, weye menya viazi vyako."

Alisema kweli. Bila kafili, yaani mtu aliyekuleta na kukudhamini, kule huna kazi wala haki ya kukaa. Nami nilikuwa nimeizoea nyumba ile, watoto walinikimbilia wakirudi shule, na mshahara wangu ulikuwa umemwezekea mama bati na kumlipia vibarua wa shamba. Nilirudi Al Rayyan nimeamua kufunga mdomo. Kwa mtu kama mimi huo ulikuwa mfungo mgumu, lakini niliufunga kwa misimu kadhaa.

Halafu ikaja Desemba ambayo Bibi hakuja. Aliteleza kwenye ngazi za ghala akavunjika nyonga. Yule jirani wa mashamba makubwa alipeleka maua hospitali, na baada ya maua akapeleka maneno ya kununua. Bibi akampigia simu binti yake akamwambia, "Nataka kuuza, ila kama una neno, sema." Madamu akanieleza hayo akiwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi, hachukui kitu. Alisema anafikiri amwambie mama yake auze. Mzee amechoka, mwenyewe ametamka, basi.

Nilikaa na hilo neno siku kadhaa. Nilivunja sahani, nikaunguza wali. Nilijiambia kwamba si langu. Nilijiambia kwamba mama yangu anahitaji vibarua. Yote yalikuwa kweli. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona mwanamke yule na plau, na mke wa yule mwenye shamba aliyeona aibu akibebesha mizabibu mstari baada ya mstari, na nikaona kwamba kati ya watu wote duniani ni mimi peke yangu niliyesikia pande zote mbili za ukuta. Asubuhi ya Jumamosi, watoto wakiwa mchezoni, nilizima jiko.

"Madamu, nina neno ambalo si kazi yangu."

"Sema."

"Mama yako hataki kuuza."

"Amesema anataka."

"Amesema kama una neno, useme. Anangoja hilo neno. Ameapa hatakuita. Baba yake aliitwa, na baba yake mdogo, unajua kilichotokea. Hakuoni mtu wa ofisini. Anaogopa kukuharibia moyo."

Uso wake ulibadilika. "Amekwambia wewe, hakuniambia mimi?"

"Mimi sirithi kitu. Ndiyo maana nimeambiwa."

Akakasirika. Aliniuliza ni nani aliyeniambia kwamba yeye analitaka hilo shamba. Sauti yake ilipanda, nami yangu ikapanda, maana sijui kugombezwa nikatulia. Nikamwambia nilimwona siku ile uani, na mtu asiyelitaka shamba hakati vile. Nikamwambia kama sivyo, basi aseme, nimwombe radhi, niendelee na wali wangu. Alikaa kwenye kiti ambacho mama yake hukalia, akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Nilimwekea maji ya kunywa nikatoka uani nisimwangalie.

Alimpigia mama yake mchana huo. Kifaransa sijui, lakini kulia najua, na kucheka katikati ya kulia najua pia. Alipotoka chumbani macho mekundu aliniambia, "Tunarudi." Kisha akakumbuka nilikuwa nani ndani ya nyumba ile. "Na wewe?"

Nikamwambia mimi nitaona. Nilikuwa nimeogopa, sitaki kudanganya. Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja.

Siku chache baadaye Bibi aliomba kuongea nami. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu aliye kitandani.

"Nimekuvunjia kazi yako," akasema.

"Kazi zipo, Bibi."

"Asante."

"Hapana, asante wewe. Ulinimenyea viazi miaka yote hiyo."

Akacheka, halafu akauliza mama yangu ana umri gani sasa. Nikasema kama wake. Akauliza ni nani anayempogolea mizabibu. Nikasema vibarua, wanakata hovyo. Nilingoja aseme lile neno linalofuata. Hakulisema. Bibi hakuwa mtu wa kumwambia mtu arudi kwao. Aliniaga tu, akanitakia baraka.

Kwa haki ya Mungu, Madamu hakuniacha solemba. Miezi ile ya mwisho, katikati ya maboksi na shule za watoto, alinitafutia pa kwenda. Zilipatikana familia mbili, moja ikiwa na nyumba mpya kule Al Wukair, watu wapole, chumba chenye ufunguo. Aliridhia kunihamishia kwao rasmi. Rafiki yangu wa Unguja alisema nina bahati ya mtende. Usiku na mchana niliwaza. Kila Jumapili nilipompigia mama, alisema maneno yale yale: hatujambo, zabibu hazijambo, wewe kula vizuri. Miaka yote ile niliyasikia hayo kama salamu, nikafunga simu nikaendelea na kazi. Jumapili ile niliyasikia nikashindwa kufunga simu.

Niliwashukuru watu wa Al Wukair, nikamshukuru Madamu. Alinikumbatia uwanja wa ndege mbele ya watu, yeye ambaye hakumbatii. Wao walipanda ndege yao, mimi yangu. Najua kwamba Bibi alitembea tena, kwa fimbo, na kwamba aliishi misimu kadhaa akimgombeza binti yake juu ya urefu wa matawi. Nashukuru kwa kila kiazi tulichomenya. Nashukuru kwa zile hadithi alizonipa mimi badala ya mwanawe, na nashukuru kwamba niliweza kuzirudisha kwa mwenyewe.

Kijijini nilifika adhuhuri, pikipiki ikaniteremsha mwisho wa barabara. Mama alikuwa katikati ya mistari ya zabibu, amejifunga khanga usoni, ananyunyiza salfa ya kuzuia ukungu. Sikuwa nimemwambia. Alinitazama, akatazama begi, akatazama tena mimi.

"Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimerudi. Sitoki tena."

Akashusha khanga kidevuni. Alikuwa amezeeka kuliko sauti yake ya kwenye simu.

"Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita."

Alinipa mgongo akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema salfa imemwingia. Halafu akaniambia niende ndani nikale, mlenda uko jikoni.